Betri Bila Stika

Ndani ya basi, mama mfuga kuku alikuwa amepakata betri ya sola. Fundi umeme mstaafu aliyeketi kando yake akamuuliza inaumwa nini.

"Ina miezi minne tu, haikai na chaji. Mashine yangu ya kutotolesha ina mayai mia mbili, yamebakiza siku tatu yaanguliwe. Dukani wanasema waranti imekufa kwa sababu nimebandua stika ya namba."

"Uliibandua ya nini, mama?"

"Isififie. Nimeibandika kwenye kadi ya waranti, tena kwa gundi nzuri."

Nilichungulia kutoka kiti cha nyuma yao. Kweli, ilikuwa imenyooka kuliko picha ya pasipoti.

Mzee akaigeuza kadi mara mbili. "Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Basi waulize ni kifungu gani cha sheria kinasema stika ikihama, ubovu nao unahama."

"Wakinijibu, baba, nitaelewa?"

"Hata mimi sijui watajibu nini. Ndiyo maana nataka kusikia."

Basi liliposimama mbele ya duka, mzee alimpokea betri akashuka naye, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.

"Tangulia," akasema. "Wakiuliza, mimi ni shemeji yako. Wakisikia fundi, watafunga duka."