Mahujaji wa Kiingereza Wamejaa Chumbani kwa Sultan

Wahida: Haloo? Nani mwenzangu?

Sultan: [kwa sauti nzito] Assalamu alaykum. Naongea na Bibi Wahida, mwenye duka la mabaibui Al-Dirah, Riyadh?

Wahida: Waalaykumu salaam. Ndiye. Nani wewe?

Sultan: Hapa ni Ofisi Kuu ya Mapokezi ya Wageni, Jeddah. Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kikao kirefu, tunatangaza kwamba nyumba ya kaka yako hapa Sharafiya imejaa. Wewe na wenzako mnaokuja umra Alhamisi hamna pa kulala. Hasa kile chumba cha kijana Sultan, chenye kiyoyozi—

Wahida: Subiri, nina mteja. [kwa mteja] Hilo la hariri, mwanangu, halipungui bei. Ehe, bwana ofisi. Imejaa nani?

Sultan: Mahujaji wa Kiingereza. Wa zamani.

Wahida: Zamani ya lini?

Sultan: Zamani ya farasi. Walikuwa wanakwenda kuzuru kaburi la mtakatifu wao, wakapotea njia.

Wahida: Maskini. Watu gani hao?

Sultan: Wa kila tabaka, bibi. Yuko shujaa wa vitani, kalala kitandani na deraya yake. Yuko mtawa, hataki kukaa na mtu anayepiga mbweu. Yuko msaga unga, anapiga mbweu. Na yuko bwana mmoja anauza misamaha ya dhambi.

Wahida: Mwambie akuwekee mmoja.

Sultan: Ofisi haina dhambi, bibi.

Wahida: Huyo shujaa ana mke?

Sultan: Eh— hilo ofisi haija—

Wahida: Nusra wa duka la pili anatafuta mume. Anasali?

Sultan: Bado hajaanza.

Wahida: Ataanza. Hebu nipe niongee naye.

Sultan: [kwa sauti ya kukwaruza] Mimi shujaa. Nimechoka vita.

Wahida: Pole, baba. Na mtawa?

Sultan: [kwa sauti nyembamba] Hujambo, dada yangu.

Wahida: Sijambo. Mbona kimya hapo, na watu wote hao?

Sultan: [nzito tena] Wanagombania kitanda. Kwa heshima.

Wahida: Nani na nani?

Sultan: Shujaa na mtawa.

Wahida: Basi wagombane nisikie. Wote wawili, kwa pamoja.

Sultan: Kwa... pamoja?

Wahida: Yalla.

Sultan: [nzito] Ondoka— [nyembamba] Siondo— [anakohoa] Shikamoo, shangazi.

Wahida: Marahaba, Sultan. Ndiyo unayosomeshwa huko bweni Unguja?

Sultan: Ni kitabu cha somo la fasihi tu, shangazi. Mie kila mkija umra nalala ukumbini na babu. Babu anakoroma, na akiamka anataka nimkande miguu. Likizo yenyewe fupi. Nilitaka kitanda changu.

Wahida: Si ungesema?

Sultan: Ungekubali?

Wahida: Safari hii tumechukua hoteli Makka. Chumba chako hakuna aliyekitaka.

Sultan: Alhamdulillahi. Basi shangazi, mie nakuaga—

Wahida: Wapi. Hoteli naivunja sasa hivi, halas. Tunakuja watano, na Nusra namleta aje amuone shujaa wake.

Sultan: Shangazi, shujaa kashaondo—

Wahida: Kafue mashuka. Mteja kaingia, kwaheri.

Sultan: Shangazi, krrr— mtandao— krrr— sikusi—

Wahida: Sultan. Hiyo krrr unaifanya kwa mdomo.

Sultan: Ndiyo, shangazi. Kwa mdomo.