Araba Mensima Bentsil, Aliyeshona Mkia wa Ndege

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, mimi ni Ekow, mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa kaka zangu wanasema nimechaguliwa kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa kama yake.

Mama Araba Mensima alizaliwa Jumanne tarehe 15 Machi 1921 hapa Sekondi, binti wa Mzee Ebo Eshun wa reli, akasoma shule ya Wamethodisti hadi darasa la saba mwaka 1936, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na kufikia umri wa miaka ishirini alikuwa na cherehani yake na mchumba wake, Kweku Bentsil.

Mwaka 1942 vita vya dunia vilikuwa vimepamba moto, ndege zikiletwa bandarini Takoradi vipandevipande ndani ya makasha, zikiungwa hapa na kurushwa hadi Misri, na kwa kuwa mafundi wengi wanaume walikuwa wamechukuliwa jeshini, Kweku akiwa miongoni mwao, kiwanja cha ndege kilitafuta wanawake wanne wa kushona kitambaa kilichofunika mikia ya ndege, naye Mama akaenda, licha ya baba yake kumwambia, "Araba, mwanamke anashona gauni, hashoni ndege."

Msimamizi wao, Bwana Acquah, naye hakuwataka, akawaambia, "Dada zangu, hapa hatushoni shumizi, uzi ukikatika huko juu mtu anakufa," na siku ya Alhamisi tarehe 18 Februari 1943, mkia wa kwanza wa Mama ulipokamilika, aliapa kwamba ndege ile hairuki, na kwamba wanawake wote wanne warudi kwao siku hiyohiyo.

Rubani, Mpolandi aliyeitwa Witold, aliuzunguka mkia ule mara mbili, akauliza, "Aliyeushona yuko tayari kupanda na mimi?"

Washonaji wenzake walimvuta Mama gauni asithubutu, yeye akajibu, "Nipeni kitambaa nifunge kichwa, twende."

Waliruka dakika ishirini, Mama akaiona reli ya Sekondi nyembamba kama uzi, akaona paa la kwao na nguo alizoanika asubuhi, akapiga kelele za furaha, kisha akatapika ndani ya kofia ya rubani, na waliposhuka, Bwana Acquah alipitisha kidole kwenye mshono wote, tundu kwa tundu, akavua kofia akasema, "Dada Araba, kesho njoo na wenzako, ila mje mapema," na kufikia Juni mwaka ule washonaji wanawake walikuwa kumi na mmoja.

Habari zilimfikia baba yetu kambini, akamwandikia, "Nasikia mchumba wangu amepanda ndege kabla yangu, mimi jeshi limenipa miguu tu," na baadaye huko Burma, kila ndege ilipowadondoshea mchele msituni, aliwaambia wenzake kwamba mkia ule kashona mchumba wake, mpaka wakamwomba anyamaze ili waweze kula.

Baba alirudi salama mwaka 1946, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Septemba, wakajaliwa watoto watano, Mama akafungua shule ya ushonaji iliyotoa wasichana zaidi ya mia tatu, ambao wengi wao nawaona hapa, na Baba alitutangulia mwaka 1989.

Kuanzia mwaka 2009 miguu ya Mama ilidhoofika, Mei mwaka huu moyo nao ukachoka, na Jumapili tarehe 4 Novemba 2012 asubuhi, akiwa na miaka tisini na mmoja, alikunywa uji, akamtania muuguzi kwamba pindo la sare yake limefumuka, akafumba macho kwa utulivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika tangu siku ya kwanza, Umoja wa Akina Mama wa kanisa, na wanafunzi wake walioshona nguo hizi nyeupe tulizovaa.

Mama aliacha agizo moja, kwamba bendi ipige tangu tunapotoka hapa hadi makaburini, na asiyecheza asipewe chakula, kwa hiyo nawaomba msimame.

Lala kwa amani, Mama, tunakusindikiza kwa ngoma.