Mji Uliozaliwa Chini ya Mteremko

Ndani ya basi la kwenda mpakani, mjane wa fundi wa matairi alikuwa njiani kuuza karakana ya marehemu mumewe. Mbele yake, dereva wa lori na mama muuza mitumba, waliokutana asubuhi hiyo tu, walibishana kama mtu na shemeji yake.

"Mji huu tuendao umezaliwa na ule mteremko wa barabara, mama. Malori yalishuka breki zikiungua, yakasimama chini yapoe."

"Breki zenu zimejenga nyumba gani, baba? Mji ni sisi, tuliowauzia mashati mkingoja geti la forodha lifunguliwe!"

"Haya, mlimkuta nani pale?"

Mama alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Yule fundi wa matairi! Kila tairi likipona, anapuliza filimbi kama refa. Tulikuja kuangalia kelele, tukabaki."

Mjane alijiziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alidhani filimbi ile imebaki kichwani mwake peke yake.

Basi liliposimama, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana. Mnunuzi alikuwa akimsubiri mjane kituoni.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nimeghairi. Karakana siuzi."