Makungu na Jino la Ziwa Nojiri

Ndugu waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, mtoto wa mama yake mdogo, na haya nitakayosoma sikuhadithiwa na mtu, niliyaona yote kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake, ingawa alinitangulia kwa miaka sita.

Kaka yetu Makungu alizaliwa tarehe 14 Juni 1952, Ujiji, Kigoma, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, mimi nikaishia la tano, ila kichwa kilikuwa changu, walimu wetu wangekuwepo wangesema. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji Sabine, huyu hapa mbele, wakajaliwa binti mmoja, Nyamizi, mwaka 1984. Mwaka 1994 tulihamia Birmingham, tukaajiriwa pamoja kwenye karakana ya vyuma kule Aston, yeye akapewa mashine, nami nikapewa mashine kubwa zaidi.

Machi 2003 karakana ilitupeleka Japani wiki tatu kujifunza mashine mpya, na siku za mapumziko mwenyeji wetu akatuandikisha kuchimba Ziwa Nojiri, huko milimani, ambako kila baada ya miaka kadhaa, maji yakipungua mwisho wa baridi, walimu, wanafunzi na watu wa kawaida tu hupiga magoti kwenye tope, theluji pembeni, wakitafuta mifupa ya tembo waliokufa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Tulivyoelekezwa, anayeona mfupa haung'oi, anainua mkono na kubaki palepale mpaka kadi iandikwe jina lake. Tarehe 25, saa nne asubuhi, mimi, si mwingine, niliona jino la tembo, refu kama kiatu, lina matuta kama soli ya buti, nikainua mkono, hakuna aliyenitazama, basi nikafanya kama tulivyolelewa, nikamwachia mkubwa wangu alinde, nikaenda kuita watu.

Narudi, kadi imeshaandikwa Makungu, anapigwa picha, ananiambia, "Mdogo wangu, ulikuwa wapi? Umekosa mambo!" Nikamshikia koti apigwe picha vizuri, maana mdogo hamuumbui mkubwa mbele ya wageni, na jambo hilo nimelibeba miaka minne. Picha mnaijua, iko sebuleni kwake Alum Rock, mmekula pilau chini yake, jirani yetu Harjit ameisikia hadithi yake mpaka naye anaisimulia, na kila kaka alipofika penye jino alinituma mimi nikalete chai.

Mei 2007 aliugua mapafu, akalazwa mara tatu, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Novemba, nikiwa pembeni ya kitanda, na kabla ya kukata roho alinishika mkono akasema, "Jino lilikuwa lako, mdogo wangu, nisamehe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Harjit aliyetupeleka hospitali kwa gari lake kila siku bila kununa, majirani, na wenzetu wa karakana waliobeba jeneza. Pumzika kaka, pumzika kwa amani, picha itabaki ukutani.

Na kwenye jino, ndugu zangu, sikuongeza hata tuta moja. Nilichotunga ni kimoja, yale maneno yake ya mwisho, hakuyasema. Aliniomba nifunge dirisha, nikalifunga, nikarudi kukaa karibu na mdomo wake, nikasubiri.