Picha ya Maji ya Onkarabile

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji, hapa mjini Maun, na darajani ni mwendo wa dakika tatu. Mto Thamalakane ni mkavu tangu mwaka juzi. Mbuzi wanapita walipokuwa wanapita samaki. Mma Keitheretse anatuuzia kahawa na magwinya, maandazi yetu ya huku, ya moto. Wateja wa kudumu ni watatu: Waziri, aliyewahi kufagia ofisi ya wilaya na tangu hapo anajua siri zote za serikali, Nahodha, anayetembeza watalii kwa mtumbwi wake mmoja wa bluu maji yakiwepo, na mimi, Digrii, jina la kejeli, miaka minne nazungusha vyeti nikitafuta kazi. Jumatatu Onkarabile, niliyesoma naye darasa moja la picha za setilaiti, na sasa analipwa na hoteli za kitalii na gari kapewa, aliwatumia ujumbe waendesha mitumbwi wote: maji ya mafuriko kutoka juu yatafika darajani Jumatano. Leo Jumatano.

Nahodha: Mtumbwi wangu uko katikati ya mkondo. Nikaufunge, nisiufunge?

Mimi: Ukaufunge kwa ajili ya nini, Rra? Onkarabile kaona majivu akaita maji! Kule juu nyasi ziliungua. Kwenye picha majivu meusi, maji meusi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye anayekosea hivyo.

Waziri: Mimi nasema maji yapo. Hoteli zimeyazuia. Kila bwawa la kuogelea lina mlango wa siri chini.

Mma Keitheretse: Uliuona wapi?

Waziri: Mambo ya ofisini hayo, Mma. Na hiyo setilaiti inakodishwa kwa saa, kama baiskeli. Mtalii akilipa, inaangalia kwake. Sisi inatupita imefumba jicho.

Nahodha: Lakini mwaka ule maji yalipokuja mara ya mwisho, Onkarabile alipatia siku ileile.

Mimi: Bahati! Huyo chuoni alikuwa ananakili kwangu.

Mma Keitheretse: Mbona kazi hakunakili kwako?

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Ukweli ni kwamba kosa la majivu nililifanya mimi, kwenye mtihani, na Onkarabile ndiye aliyenionyesha, polepole, bila kunicheka. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Nahodha: Ngoja niende tu nikaufunge.

Mimi: Kaa! Nani msomi hapa? Mma, mwongezee kahawa, ninalipa mimi.

Nahodha akakaa.

Waziri: Tena hata viboko wa mtoni wamefungwa mitambo puani...

Hakumaliza. Alitokea mama mmoja mgeni, viatu mkononi, pindo la sketi limelowa hadi magotini.

— Dumelang. Jamani, ule mtumbwi wa bluu umepita chini ya daraja peke yake, hauna mtu. Ni wa nani?

Waziri akatazama kikombe chake. Mma Keitheretse akageuza magwinya ambayo yalikuwa yameshaiva.

Nahodha akaweka kikombe chini. Alikuwa ananitazama mimi.