Waithira na Daftari la Vipimo

Wachungaji, wazee, majirani wa Mwihoko na walimu wa chuo, mimi ni Githinji, kitinda mimba kwetu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Beatrice Waithira Gachau, na msinishangae nikisoma kwa furaha, maana huyu dada ananijaza fahari hata leo.

Waithira alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 huko Kamenu, Thika, akiwa wa pili kati yetu watano, akasomea hapo hapo, na mwaka wa 1989 akafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya kwanza kabisa nchini, akafaulu hisabati na fizikia, lakini kemia ikamwangusha, na ndoto ya uhandisi ikawekwa kabatini. Mwaka wa 1992 aliajiriwa kama fundi wa pampu katika kiwanda cha nguo mjini Thika, mwaka wa 1995 akafunga ndoa na Bwana Gachau, wakahamia Mwihoko, Ruiru, na Mungu akawajalia Lynn na Eddie. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka wa 2017, alitoa vitabu vya kemia, akarudia mtihani mzima akiwa na miaka arobaini na saba, akakaa dawati moja na watoto wa watu, na akapata C+ iliyotakiwa, kemia ikiwemo.

Septemba 2019 alianza shahada ya uhandisi wa mitambo, ile ya utafiti, ambayo kupita mitihani peke yake hakutoshi, sharti mwanafunzi afanye utafiti wake mwenyewe, auandikie tasnifu na aitetee mbele ya jopo. Alichagua pampu ya kisima cha ploti yao, iliyokuwa ikiharibika kila mara, akaikatia mpira wa kuzuia maji kutoka tairi kuukuu, na kwa miezi minane akapima asubuhi na jioni maji yaliyotoka na yaliyovuja.

Hapo ndipo alipoteleza. Sisi tulichapwa shuleni kwa daftari chafu, kwa hiyo Waithira alinakili vipimo vyote kwenye daftari jipya, kwa mwandiko wa kupendeza, na lile lenye grisi akawashia jiko. Novemba 2023 msimamizi wake, Daktari Awiti, alimweleza kwa upole kwamba jopo halipokei nakala. "Mama, lile chafu ndilo utafiti wenyewe," alimwambia. Dada alilia siku nzima, nikamshauri aache, akanitazama kama mtu asiyenijua, na tarehe 15 Januari 2024 akaanza upya.

Mwezi wa Juni alipatikana na saratani ya tumbo, akalazwa vipimo vikiwa nusu, na vingekatika basi shahada ingekwenda navyo. Ndipo Mama Zubeida, jirani wa mlango wa pili, alipochukua daftari na kupanga zamu, majirani wanane, Wakristo na Waislamu, kila anayepima anaandika jina na kutia sahihi, na akikosea anakata kwa mstari mmoja bila kufuta. Daftari likajaa alama za vidole na mafuta ya kupikia, likapendeza ajabu. Tarehe 12 Machi 2025 Waithira aliitetea tasnifu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na jopo lilipouliza watu wote hawa ni nani, alijibu, "Ni maabara yangu."

Alituacha Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, matokeo yakiwa hayajatoka, na jambo hilo lilimsumbua kuliko maumivu, kila nikiingia wodini ananiuliza kama chuo kimepiga simu. Jumanne wiki hii simu ikalia, nikaipokea mimi mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa kiwandani waliokuja na ovaroli zao, wanafunzi wa darasa lake waliomwita shosho, yaani bibi, na bado wakamwomba notisi, na ninyi wanane wa Mwihoko, tafadhali simameni watu wawaone.

Dada, uliniuliza mara nyingi nikanyamaza, leo nakujibu mbele ya watu wote. Umefaulu, Waithira. Sasa pumzika kwa amani.