Tanga la Bluu Mwisho wa Meza

Risala ya wanyooshaji wa matanga kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua banda jipya la kukaushia

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi wa Michezo ya Majini, mwenyekiti wa klabu yetu, wageni waalikwa, na wewe Mama, uliyekataa kiti cha mbele ukasema una kazi mezani:

UKARIBISHO

Karibu sana. Tangu asubuhi sakafu imepigwa deki mpaka inateleza, na mtunza stoo wetu, tunayemwita Haraka, amevaa viatu na kufunga kamba zake, jambo ambalo hata siku ya harusi yake halikutokea. Sisi ndio tunaoosha, kukausha na kunyoosha matanga ya wachezaji wanaoteleza majini kwa mbao zenye tanga. Ukiliona tanga limejaa upepo bila kunyanzi hata moja, ujue limepita mikononi mwetu.

HISTORIA

Kazi hii ilianzishwa na mwanamke mmoja mwenye meza moja na mpira wa bomba la maji. Zamani zile wachezaji walikuwa wakitoka majini wanayabwaga matanga mchangani, wanayakunja kama shuka yakiwa bado na chumvi, kisha wanalalamika kwamba hayadumu. Yeye aliyaokota moja moja. Aliyaosha kwa maji yasiyo na chumvi, akayaanika kivulini, akayavisha mlingoti na kuvuta kamba ya chini polepole mpaka kitambaa kikakubali chenyewe. Palipo na plastiki angavu, ile sehemu ya kuonea mbele, alitumia kitambaa cha maji vuguvugu, kiganja chake, na subira.

Haraka alipoajiriwa aliona huo ni uzembe, akaja na pasi kutoka kwake. Plastiki iliganda kwenye pasi, mkewe akanuna, na pasi yenyewe bado tumeitundika pale mlangoni, mgeni rasmi, utaiona ukigeuka. Tangu hapo mwanamke huyo anaitwa Mama Pasi, ingawa humu ndani hajawahi kushika pasi. Wewe humwita Mama tu, kwa kuwa ndiye aliyekuzaa.

MAFANIKIO

Klabu za jirani siku hizi zinaleta matanga yao kwetu, na hatujawahi kurudisha lililoharibikia mikononi mwetu, ukiacha lile la pasi. Siri ni kwamba hapa hakuna anayeviringisha tanga peke yake. Mmoja anashika huku, mwenzake kule, mnakwenda pamoja. Ukizubaa upande wako linakwenda mshazari na mnaanza upya. Wengi wetu tumepatana kwa njia hiyo, maana ni vigumu kumnunia mtu mliyeshika naye tanga moja. Tulijifunza kwa kuwatazama Mama na binti yake, waliokuwa wakiviringisha matanga tangu asubuhi hadi jioni bila kuambizana neno, na hakuna lililokwenda mshazari.

Kanuni nyingine ni kwamba tanga halilali limekunjwa. Ukiliacha limekunjwa ukaenda kunywa chai, Mama Pasi atakukuta na chai yako hutaimaliza kwa raha.

CHANGAMOTO

Banda la zamani lilivuja, na hilo umetutatulia. Tunashukuru kwa dhati. Lakini lipo tanga moja.

Ni la bluu, hukaa mwisho wa meza, na ni lako. Siku ulipoitwa kwenye timu ya taifa gari lilikuwa linapiga honi nje. Ulilikunja peke yako, mara nne, ukaliweka pale na kusema, "Usilikunjue Mama, narudi sasa hivi, nitalimalizia mwenyewe."

Basi halijakunjuliwa. Miaka yote hii analipangusa vumbi, analisogeza meza ikihitajika, analirudisha palepale. Haraka aliwahi kunyoosha mkono alishike.

"Hilo lina mwenyewe," Mama alimwambia. "Alisema anarudi."

Haraka alitoka nje kwenda kukagua bomba la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Hatukulaumu. Tunajua kazi zimekubana, na simu zako hazikatiki. Ukipiga anakuuliza kama huko kuna upepo, unamjibu upo, naye anasema vizuri. Simu ikishakatwa anakaa kidogo akilitazama lile tanga, halafu anatugeukia na kuuliza kama leo hatuna kazi. Amekukumbuka sana, mgeni rasmi. Yeye hatakuambia, ndiyo maana tunakuambia sisi.

Shida ni plastiki. Mkunjo wa kitambaa hutoka hata ukikaa, lakini wa plastiki ukizidi kukaa hugeuka ufa. Hilo lako limeshaanza kuwa jeupe kwenye kona. Na viganja vya Mama vimeanza kutetemeka. Anavificha chini ya aproni akidhani hatuoni. Tukizidi kungoja, hakutakuwa na tanga la kunyooshwa wala mikono ya kulinyoosha.

MAOMBI

Mama alituonya mapema. "Risala ni ya kazi," alisema. "Ya nyumbani kwangu msiyaingize." Tuliitikia. Atusamehe, kwetu sisi hii ni kazi.

Tulikuwa tuombe bomba la pili na meza ndefu zaidi. Hayo yatasubiri. Ratiba inasema ukate utepe, upigwe picha, uondoke kabla ya chakula. Tunaomba utepe akate mwenyekiti, mkasi anao tayari. Wewe uje mezani.

Asubuhi ya leo, bila kuulizwa na mtu, Mama alilisogeza lile tanga mwenyewe mpaka katikati ya meza. Maji vuguvugu yako kwenye beseni, na vitambaa viwili viko pembeni. Sasa hivi tunavyosoma ameshika upande wake na anajifanya anakagua mshono. Upande wa pili hatujampa mtu.

Mungu akujalie afya, akuinue katika kazi yako, akufikishe salama uendako, ila leo akucheleweshe kidogo.

Ni sisi, Wanyooshaji wa Matanga, ambao sasa tunatoka nje tuwapishe.